Aliyepanda Ngazi na Aliyeingia kwa Mlango: Habari za Ugomvi wa Mishahara Serikalini



Baada ya hesabu za fedha na taarifa za karo, magonjwa na mazishi, yafaa kijitabu cha mwaka kiwe pia na habari za kale zenye faida kwa siku hizi. Mwaka huu tumeonelea tuandike juu ya jambo lililotia ufa katika nyumba nyingi za watumishi wa Serikali, nalo ni ugomvi wa mshahara baina ya mtumishi aliyepandishwa cheo kutoka chini na mtumishi aliyeajiriwa moja kwa moja katika cheo hicho hicho kwa nguvu ya cheti chake.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni kwamba katika vyama vya masilahi kama hiki chetu watu wa namna zote mbili huketi pamoja. Wamo walioanza kazi wakiwa matarishi, madresa wa hospitali na makarani wa masijala, wakapanda daraja moja moja hata wakaitwa maofisa. Nao wamo vijana waliotoka chuoni wakaketishwa siku ya kwanza mbele ya meza ambayo wale wa kwanza waliifikia kwa miaka ishirini. Tena mara nyingi hawa wa pili ni watoto wa hao wa kwanza, waliosomeshwa kwa mshahara mdogo wa karani na kwa michango ya wanachama. Mzee humsomesha kijana kwa jasho lake, kisha kijana akarudi kuwa mkubwa wake au kumpita mshahara katika kazi ile ile. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini wako waliochumia juani na kivulini hawakukaribishwa.

Tunalotaka kulionyesha ni hili: ugomvi huu haukuzaliwa na wivu wa wazee wala kiburi cha vijana. Ulizaliwa na kanuni za mishahara zilizompima mtu kwa mlango alioingilia badala ya kazi aliyokuwa akiifanya. Na kila mahali ulipotulizwa kwa kweli, ulitulizwa kwa kuirekebisha kanuni, wala si kwa kuwanyamazisha watu.

UGOMVI WENYEWE NI NINI

Mshahara wa Serikali hupangwa kwa ngazi. Kila cheo kina kiwango cha kuanzia, nyongeza za kila mwaka, na kikomo ambacho mtu akikifikia hapati nyongeza tena mpaka apandishwe cheo. Aliyeingia chini hupanda nyongeza kwa nyongeza. Akifika kwenye kikomo husimama hapo, pengine kwa miaka mingi, akingoja nafasi itokee juu yake. Ikitokea na akapewa, hupata nyongeza moja au mbili tu kwa ajili ya cheo kipya, kwa kuwa kanuni huutazama mshahara aliokuwa nao jana, kisha ikauongeza kidogo.

Anayeingia kwa mlango wa juu hahesabiwi hivyo. Hana mshahara wa jana. Serikali humtazama na kujiuliza: tumpe kiasi gani ili asiende kwa kampuni za watu binafsi? Kiasi hicho hupandishwa kila soko la kazi linapopanda. Ikiwa kiwango cha kumvuta mgeni kinapandishwa, na mshahara wa mwenyeji unaongezwa kidogo kidogo tu, siku itafika ambapo mgeni atampita mwenyeji. Hapana mtu aliyekusudia ubaya. Ni hesabu mbili zilizofanywa kwenye karatasi mbili, wala hapana aliyeziweka karatasi hizo pamoja.

MWANZO WAKE KATIKA UTAWALA WA KIINGEREZA

Ili tuyaelewe ya kwetu, hapana budi tuanzie India. Utawala wa Kiingereza ulijaribu mpango wa milango miwili huko India kabla ya kuja kwetu, na nchi yetu yenyewe ilitumia rupia hata mwaka 1920, pamoja na sheria kadha wa kadha zilizotungwa India.

Mwaka 1853 Bunge la Uingereza lilikata shauri kwamba maofisa wakuu wa India wasichaguliwe tena kwa kujuana, bali kwa mtihani wa mashindano. Mtihani wa kwanza ulifanywa London mwaka 1855. Aliyeushinda aliingia moja kwa moja katika daraja la juu la utawala. Kwa maandishi mlango ule ulikuwa wazi kwa kila raia wa Malkia. Kwa vitendo, kijana wa Bengal au Madras alipaswa kuvuka bahari kwa gharama kubwa ili akafanye mtihani katika lugha na masomo ya shule za Kiingereza. Mhindi wa kwanza kuushinda alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863. Ulipita muda wa karibu miaka sitini tena kabla mtihani huo haujaanza kufanywa India kwenyewe, mwaka 1922.

Wahindi waliobaki waliingia kwa mlango wa chini, wakaendesha mahakama ndogo, hazina na ofisi za kodi, na kazi nyingi za utawala zikawa juu ya mabega yao. Malalamiko yalipozidi, Serikali iliunda Tume chini ya Sir Charles Aitchison, iliyofanya kazi mwaka 1886 na 1887. Kutokana na Tume hiyo utumishi uligawanywa makundi matatu: wa juu uliojazwa kutoka Uingereza, wa majimbo, na wa chini kabisa. Zikatengwa pia kazi chache za daraja la juu ambazo ofisa wa jimbo aliyefanya vyema angeweza kupandishwa akazishika.

Hapo ndipo kanuni ilipojionyesha. Ofisa aliyepandishwa kutoka jimboni akaketi kwenye kiti cha hakimu wa wilaya alilipwa takriban theluthi mbili ya mshahara wa yule aliyekuja kwa mtihani wa London. Kiti kilikuwa kile kile, na mafaili yale yale, na wananchi waliokuja kushtaki walikuwa wale wale. Kilichotofautiana kilikuwa mlango.

Watetezi wa mpango huo walisema kwamba aliyetoka mbali yafaa alipwe zaidi kwa kuwa ameacha kwao, tena ana nyumba mbili za kutunza. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Lakini kama ndilo lililokuwa sababu, ingefaa fedha za umbali ziandikwe peke yake kwa jina lake, na fedha za kazi ziandikwe peke yake. Zilipochanganywa, mtu aliyepandishwa aliambiwa kwa lugha ya fedha kwamba kazi yake ni pungufu, ingawa haikuwa pungufu. Baadaye Serikali ya India iliyakubali maneno hayo kwa sehemu: wakaanza kulipa nyongeza ya ng'ambo iliyotengwa na mshahara wa kazi. Nayo Tume ya Lord Lee ya mwaka 1924 ikashauri kwamba katika kila kazi 100 za juu, 40 wapewe Wazungu, 40 wapewe Wahindi walioajiriwa moja kwa moja, na 20 wapewe waliopandishwa kutoka utumishi wa majimbo. Tangu hapo aliyepanda ngazi alipata fungu linalojulikana, lisilotegemea huruma ya mkubwa wake.

HAPA KWETU: SEHEMU TATU KATIKA TANO

Katika Kenya mlango ulikuwa ni rangi. Utumishi wa Serikali ulipangwa kwa makundi matatu: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, na kila kundi lilikuwa na ngazi yake ya mshahara. Ofisa wa Kizungu aliajiriwa moja kwa moja kutoka ng'ambo. Mwafrika alianza chini, na ngazi yake iliishia mahali ambapo ya wengine ilikuwa haijaanza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliorudi kutoka Burma na Misri, pamoja na wale waliotoka Makerere, hawakuweza kuyanyamazia mambo hayo. Mwaka 1947 ikaundwa Tume chini ya Sir Maurice Holmes kuchungua utumishi wa Serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Taarifa yake ilitoka mwaka 1948. Wengi walitumaini kwamba mtu mwenye elimu ile ile na kazi ile ile atalipwa sawa. Tume ikashauri kinyume: asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu katika kazi ya namna moja. Mathalan, kazi ikiwa na mshahara wa shilingi 1,000 kwa Mzungu, Mwafrika mwenye cheti kile kile angepata shilingi 600. Sababu iliyotolewa ni kwamba kazi ya Mwafrika, hata akiwa na elimu sawa, haikuwa sawa kwa ubora na uaminifu wa madaraka.

Na waangalie wazee wetu jambo moja la ajabu. Kabla ya hapo watumishi wa Kiafrika waliambiwa: jifunzeni, mpate vyeti, mtalipwa. Sasa mwenye cheti alipewa sehemu tatu katika tano. Kwa hiyo kanuni ile iliwaumiza wote wawili, aliyepanda ngazi kwa utumishi mrefu na aliyeingia kwa cheti, maana wote walikuwa weusi. Ndipo makarani wakongwe na vijana wa Makerere walipokuwa na shauri moja. Ni vyema tulikumbuke hilo, kwa kuwa tulipokuja kutengana baadaye ilikuwa ni kwa sababu nyingine.

Mfano wa nyakati zile ni Tom Mboya. Alifundishwa kazi ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951, akafanya kazi bega kwa bega na wakaguzi wa Kizungu kwa mshahara ambao ulikuwa sehemu ndogo tu ya wao. Badala ya kunung'unika pembeni aliingia katika chama cha watumishi wa Kiafrika wa Halmashauri, akakiongoza, na chama hicho kikageuzwa kuwa chama cha wafanyakazi chenye nguvu. Alielewa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Malalamiko hayakukoma, na mwaka 1953 Tume nyingine ikaja, chini ya Sir David Lidbury. Taarifa yake ya mwaka 1954 iliiondoa kanuni ya sehemu tatu katika tano. Ikashauri ngazi ziwe moja kwa watu wa rangi zote, na kila kazi iwe na mshahara wake. Na yule anayeletwa kutoka ng'ambo apewe nyongeza ya kumvuta, iliyoandikwa mbali na mshahara. Ikashauri pia iwepo Tume ya Utumishi itakayosimamia kuajiri na kupandisha watu, nayo ikaanza kazi katika Kenya mwaka 1955.

Wako waliosema kwamba lilibadilika jina tu, kwa kuwa Mzungu bado alipokea fedha nyingi zaidi mwisho wa mwezi. Kwa mfuko wa mwezi ule walisema kweli. Lakini yapo mengi yaliyopatikana. Nyongeza ikiisha kuandikwa kando kwa jina lake, kila mtu huweza kuiona, kuihoji, na kuiondoa siku sababu yake inapokwisha. Na ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1961 Serikali ya Uingereza yenyewe ilianza kuubeba mzigo wa nyongeza hizo kwa maofisa wake waliokuwa katika makoloni, nao walipoondoka, ziliondoka nao. Mshahara wa kazi ulibaki pale pale, wa mwananchi. Kama zingekuwa zimechanganywa, kuzitenganisha kungekuwa kazi kubwa.

BAADA YA UHURU: MLANGO WA KARATASI

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963 mlango wa rangi ulifungwa. Walakini Serikali ilihitaji maofisa upesi, nayo iliwachota kutoka visima viwili.

Kisima cha kwanza kilikuwa watumishi wa zamani: makarani, wakalimani, wasaidizi wa wilaya, mabwana shamba. Hao walizijua kanuni za fedha na tabia za wananchi, nao waliteuliwa kupanda. Jeanes School iligeuzwa mwaka 1961 kuwa Chuo cha Utawala cha Kenya, na wengi wao walipita hapo. Kisima cha pili kilikuwa vijana wenye shahada. Makerere ilikuwa imeunganishwa na Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949; wengine walisoma Nairobi, India na Uingereza; na mwaka 1959 ndege ya kwanza iliyopangwa kwa juhudi za Mboya na wenzake iliwapeleka Marekani wanafunzi 81, wakafuatwa na mamia. Walipoanza kurudi, meza zilikuwa zikiwangoja.

Kwa hakika nchi isingeweza kusimama kwa kisima kimoja. Wazee peke yao wasingetosha, wala vijana peke yao wasingejua hata faili liko wapi. Lakini ngazi za mishahara zilizorithiwa zilikuwa na mtindo ule ule wa zamani: ngazi ya mwenye shahada ilianza juu, na ya aliyetoka ukarani ilipanda kwa nyongeza ndogo ndogo. Basi mtu aliyemfundisha kijana kuandika barua ya Serikali aliweza kuona siku moja kwamba kijana huyo amempita kwa mshahara, kisha kwa cheo, kisha akawa ndiye mwenye kuandika ripoti ya siri juu yake. Katika mabaraza na katika mikutano ya ukoo, uchungu huo ulisemwa kwa mafumbo: vijana wakaitwa watu wa makaratasi, na wazee wakaitwa mabaki ya ukoloni.

Tume za mishahara zilifuatana. Ilikuja ya Pratt mwaka 1963, ya Millar-Craig mwaka 1967, na ile kubwa ya Bwana Duncan Ndegwa iliyotoa taarifa yake mwaka 1971. Bwana Ndegwa alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa utumishi wa Serikali na wakati huo alikuwa Gavana wa Benki Kuu. Watu wengi huikumbuka Tume yake kwa neno moja tu, yaani ruhusa ya mtumishi wa Serikali kufanya biashara, lakini kazi yake ilikuwa kuupima mpango mzima wa utumishi pamoja na malipo yake. Ikafuata ya Waruhiu mwaka 1980 na ya Ramtu mwaka 1985.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho lilitokea jambo lililodhoofisha madai ya pande zote. Mwaka 1980 chama cha wafanyakazi wa Serikali kilipigwa marufuku, wala hakikurudi mpaka mwaka 2001. Kwa miaka ishirini na mmoja mtumishi aliyeona kwamba amepitwa isivyo haki hakuwa na chama cha kumsemea. Malalamiko yasiyo na mahali pa kwenda hurudi nyumbani, na ya mshahara yalirudi kati ya baba na mtoto, kati ya jirani na jirani.

HESABU YA INDIA YA MWAKA 2008

Sasa turudi India kwa mara nyingine, kwa sababu huko ugomvi huu uliandikwa kwa tarakimu zilizo wazi kuliko mahali pengine tunapopajua, na pia kwa sababu huko ulipata dawa.

India huru iliweka katika Katiba yake ya mwaka 1950 usawa mbele ya sheria na usawa wa nafasi katika kazi za Serikali. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1982 dereva mmoja wa polisi wa Delhi alikwenda Mahakama Kuu ya nchi akiuliza kwa nini analipwa chini ya madereva wengine wa Serikali mjini humo. Mahakama ikasema kwamba malipo sawa kwa kazi sawa ni shabaha ya Katiba, na ngazi zenye kutofautiana bila sababu ya maana haziwezi kusimama. Mwaka 1990 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya wahandisi wa Maharashtra, walioajiriwa moja kwa moja upande mmoja na waliopandishwa upande wa pili, juu ya nani ahesabiwe mkubwa kwa utumishi. Ikasema kwamba aliyewekwa kazini kwa kufuata kanuni ahesabiwe tangu siku alipowekwa, wala si tangu siku barua ya kumthibitisha ilipoandikwa.

Hata hivyo mwaka 2008 hesabu iliharibika tena. Tume ya Sita ya Mishahara, chini ya Jaji B. N. Srikrishna, ilitoa ngazi mpya zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 2006. Waliokuwa kazini walizidishiwa mshahara wao wa zamani kwa 1.86, kisha wakaongezewa malipo ya daraja. Walioajiriwa upya moja kwa moja waliwekewa orodha ya peke yake ya mishahara ya kuanzia. Katika daraja lenye malipo ya rupia 4,600, mgeni alianza kwa rupia 12,540 na juu yake hizo 4,600, jumla 17,140.

Sasa tumchukue mtumishi aliyepandishwa kuingia katika daraja lile lile. Tuseme alikuwa na rupia 11,000 na malipo ya daraja ya chini, rupia 4,200, jumla 15,200. Kanuni ilimpa nyongeza moja ya asilimia 3, ambayo ni rupia 456, ikakamilishwa kuwa 460. Akawa na 11,460, na malipo ya daraja jipya 4,600, jumla 16,060. Aliyeingia jana alimpita aliyepanda kwa rupia 1,080 kila mwezi, katika chumba kimoja na kazi moja. Malipo ya uzeeni nayo huhesabiwa kwa mshahara, kwa hiyo upungufu huo ungemfuata mpaka kaburini.

Serikali ya India ilikubali kwamba mkongwe aweza kuinuliwa hata afikie mshahara wa mdogo wake, lakini kwa masharti. Moja lilikuwa kwamba kazi yao iwe ni ya namna inayojazwa pia kwa kuajiri moja kwa moja, na jingine kwamba awepo mdogo aliye kweli akipokea zaidi. Ambaye hakuwa na mdogo wa namna hiyo hakuwa na wa kulinganishwa naye, na wengi walikwenda mbele ya mabaraza ya sheria.

Dawa ilikuja na Tume ya Saba, chini ya Jaji A. K. Mathur, iliyotoa taarifa yake Novemba 2015. Ngazi mpya, zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 2016, ziliwekwa katika jedwali moja. Kila daraja lilipewa kiwango cha chini kimoja. Mgeni huanzia hapo. Aliyepandishwa hawezi kuwekwa chini ya hapo, na mshahara wake wa zamani ukimfikisha juu zaidi, huwekwa juu zaidi. Sakafu ikawa moja, na miaka ya utumishi ikabaki na thamani yake. Jambo lililogombaniwa kwa miaka mingi lilimalizwa kwa kuziweka zile karatasi mbili kwenye meza moja.

HAKI YA KILA UPANDE

Hatungekuwa waandishi waadilifu kama tungesema la upande mmoja tu. Aliyeingia kwa cheti naye ana haki yake. Alikaa miaka mingi darasani bila mshahara. Pengine shamba la baba yake liliuzwa kwa ajili ya karo. Naye hakuiandika kanuni iliyompa kiwango chake. Tena Serikali isiyowavuta wenye elimu hubaki na hospitali zisizo na madaktari na barabara zisizo na wahandisi.

Aliyepanda ngazi ana haki yake vilevile. Alifanya kazi kwa uaminifu wakati mshahara ulikuwa mdogo, naye huyajua yasiyoandikwa kitabuni. Akiona kwamba miaka yake haina uzito, hapati sababu ya kumfundisha mgeni, na elimu yake huondoka naye siku anapostaafu. Serikali hupata hasara ambayo haionekani katika hesabu zake.

Haki hizi mbili hazipingani. Mshahara wa cheo uwe mmoja, pasiulizwe mtu ameingilia wapi. Cheti kikistahili nyongeza, au utumishi mrefu ukistahili, au ufundi ulio adimu, kila moja liandikwe kando kwa jina lake. Hilo ndilo Lidbury aliloliona juu ya nyongeza ya ng'ambo, na ndilo jedwali la India lililolifanya kwa sakafu moja.

Nchi yetu leo ina sheria za kutegemea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, yamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki; kifungu cha 230 kiliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kuiagiza itazame uwazi na haki pamoja na uwezo wa hazina; na kifungu cha 232 chataka kuajiri na kupandisha kufuate mashindano ya haki na ustahili. Maneno haya hayajilipi yenyewe, ila mtu akiyashika mkononi huwa na mahali pa kuanzia.

SHAURI LETU KWA WANACHAMA

Kwanza, kila mtumishi azitunze barua zake zote: ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, na ya kila kupandishwa, pamoja na hati za mshahara. Wahandisi wa Maharashtra walibishania tarehe. Asiye na barua hana tarehe.

Pili, ngazi mpya zinapotangazwa, wazee na vijana wazisome pamoja kabla hazijaanza kutumika. Hitilafu ikionekana mapema husahihishwa kwa barua. Ikikawia yahitaji wakili.

Tatu, malalamiko yapelekwe kupitia chama cha wafanyakazi, wala yasipelekwe kwa masengenyo ya ofisini.

Nne, nalo ndilo kubwa: mzee asimwone kijana aliyempita kuwa adui yake. Katika kanuni zile za India, mkongwe hakuweza kuinuliwa pasipo kuonyesha mshahara wa mdogo wake. Maana yake, hati ya mshahara ya kijana ndiyo iliyokuwa ushahidi wa mzee. Kijana akiificha, mzee hana kesi. Akiitoa, mzee huinuliwa, naye kijana hapungukiwi hata senti moja. Na kijana huyo naye atazeeka kazini, na siku moja ataingia mwingine mwenye karatasi mpya kuliko yake.

Kwa hiyo twawaomba wazee wetu waendelee kuchangia karo bila kinyongo, na twawaomba vijana waliosomeshwa kwa michango hiyo wawe mashahidi wa wazee wao kila ngazi za mishahara zinapofunguliwa upya. Tulipokuwa sote chini ya sehemu tatu katika tano tulisimama pamoja, na kanuni ile haikudumu hata miaka saba.

Wasalaam. Ni sisi watumishi wenu katika Halmashauri ya Chama.